Shajara ya kurisiti PCB: nikitafuta nafasi ya udaktari baada ya pointi 5

18 Julai 2022: Ninapoanzia

Matokeo ya kidato cha sita yametoka, na leo nina nguvu ya kuyaandika. Kemia D, Baiolojia D, Fizikia E. Divisheni ya tatu, pointi 13.

Pointi hizo 13 zisikuchanganye. Ni za divisheni, ambako ndogo ndiyo bora. Vyuo vinahesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hesabu hiyo nina pointi 5. Mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa shahada ya udaktari wa binadamu unataka zisizopungua 6 katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, na D kwa kila somo. Nimepungukiwa moja, nayo iko kwenye Fizikia. (Mwongozo hutoka upya kila mwaka. Fungua wa mwaka wako, usitegemee wangu.)

Nimeanzisha shajara hii kwa sababu nilitafuta mtu aliyerisiti, yaani aliyerudia mtihani wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), akaeleza alichofanya wiki kwa wiki, nikaambulia "kaza buti" na "mtangulize Mungu". Yote mawili nayaamini. Ila hakuna aliyeandika maabara aliipata wapi, alilipa shilingi ngapi, na alipokosea alirekebisha vipi. Mimi nitayaandika hayo.

Naishi Kihonda, Morogoro. Mama anauza nyanya na vitunguu Soko Kuu la Chifu Kingalu. Nilipomweleza, alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Mwanangu, mwaka mmoja nitakubeba. Wa pili sitauweza." Basi huo ndio muda nilio nao.

6 Agosti 2022: Njia mbili

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ni tabibu kwenye kituo cha afya wilayani Kilosa. Nilimpigia aniambie kuhusu njia aliyopita yeye: stashahada ya utabibu, miaka 3, kisha unaomba udaktari kwa GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0. Ni njia halali na imewatoa wengi. Lakini alinionyesha jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. GPA peke yake haitoshi. Wanataka pia angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza. Yeye GPA anayo, na nzuri. Hisabati ya kidato cha nne ana F. Kwa hiyo Novemba hii atakaa kwenye dawati arudie Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtu mzima mwenye watoto wawili, akitoka zamu ya usiku.

"Mdogo wangu," aliniambia, "kabla hujaota chochote, toa cheti chako cha form four ukitazame."

Nimekitoa. Hisabati D. Mlango huo kwangu uko wazi.

Hata hivyo nimeamua kurisiti kwanza. Chuo binafsi nilichoulizia kinataka ada ya zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka, bado chakula na hosteli, na ni miaka mitatu. Kurisiti kukigoma, stashahada itakuwepo. Kuanza stashahada halafu nikatamani kurisiti itakuwa kazi kubwa zaidi.

Nitarudia masomo yote matatu. Ningeweza kupigania ile D moja ya Fizikia nikafikisha 6, lakini hizo ni za kukuruhusu kuomba tu. Nafasi zikiwa chache, vyuo vinaanza na wenye alama za juu. Lengo nililoandika ukutani ni pointi 9: C tatu.

24 Septemba 2022: Usajili

Nimesajiliwa. NECTA (Baraza la Mitihani) 50,000, kituo 40,000. Namba yangu ya mtihani sasa inaanza na P, ya watahiniwa wa kujitegemea, badala ya S, ya wanafunzi wa shule. Nilikiuliza kituo kama kina maabara, nikajibiwa ipo. Nikaridhika na jibu hilo bila kwenda kuitazama. (Soma ya Januari.)

19 Novemba 2022: Wiki 10 zilizopotea

Tangu Septemba nimekuwa naamka saa 10 usiku kunakili notisi upya. Nilinunua kaunta buku nne, nikakopi notisi za rafiki aliyepata divisheni ya kwanza, nikaziandika kwa kalamu za rangi. Jumla 27,000. Nilikuwa naona kurasa zinajaa, na kujaa kwa kurasa nilikuhesabu kuwa ndiyo maendeleo.

Wiki iliyopita nilijifungia na pepa la Fizikia 1 la mwaka 2019, saa tatu kamili, simu ikiwa kwa mama. Nilimpelekea mwalimu mmoja wa hapa Kihonda asahihishe bila huruma. Nilipata 38 kwa 100.

NECTA inatoa D kuanzia 50, E kuanzia 40, na S ni 35 hadi 39. Maana yake baada ya wiki 10 niko chini ya pale nilipoishia Mei. Siku mbili sikugusa daftari.

11 Desemba 2022: Daftari la makosa

Ingizo hili ndilo ningependa mtu alisome hata akiacha mengine yote.

Mwalimu hakunipa pole. Alinirudishia lile pepa na kalamu nyekundu, akasema, "Alama 62 umezipoteza. Niambie kila moja imekwenda wapi." Nilikaa nalo jioni tatu. Nilichora safu nne, nikaipitia kila alama niliyokosa nikaiweka mahali pake:

Alama 21 zilipotea kwenye maswali niliyoyaacha au kuyakatia njiani kwa kukosa muda. Alama 17 kwenye maswali niliyoyajua: nimeandika jibu bila kuonyesha kanuni, nimesahau kizio, nimekadiria desimali katikati ya hesabu. Alama 10, nimesoma swali vibaya, mahali pengine wamesema "derive" mimi nikaeleza kwa maneno. Alama 14 tu ndizo nilizokosa kwa sababu mada sikuijua.

Kumi na nne kati ya 62. Na wiki zote 10 nilikuwa natibu hizo 14.

Tangu siku hiyo notisi nimezifunga. Utaratibu sasa ni huu: pepa moja la zamani kila siku ya pili, kwa saa. Siku inayofuata ni ya kusahihisha na kuandika kwenye daftari la makosa, swali upande wa kushoto, nilivyokosea upande wa kulia, na mwendo sahihi chini yake. Kosa likijirudia mara tatu nalizungushia duara. Kabla ya pepa jipya nasoma maduara tu.

Kuna kitu cha bure ambacho sikuwa nakijua: NECTA huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Zimeandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake kuna picha za majibu halisi, lililo zuri na lililo baya, pamoja na maelezo kwa nini. Nilizitoa kopi pamoja na mapepa ya miaka 6: shilingi 34,000. Ukilazimika kuchagua matumizi mamoja tu kwenye shajara hii, chagua hayo.

Kuhusu muda: dakika 180 kwa alama 100 ni dakika 18 kwa swali la alama 10. Nimeiandika 18 kwa kalamu nzito juu ya kila pepa. Dakika zikiisha nahama, hata kama jibu nalinusa.

22 Januari 2023: Maabara isiyo na kemikali

Kituo kilichonisajili kilitutoza 25,000 kila mmoja kwa ajili ya vitendo. Wiki mbili zilizopita ndiyo tulifunguliwa maabara. Meza zipo, masinki yapo. Kabatini kuna chupa ya sodiamu haidroksaidi iliyovuta unyevu ikawa donge moja, na bureti mbili (mirija ya kupimia kimiminika), zote koki zinavuja. Tulipouliza tukaambiwa vifaa vitakuja "karibu na mtihani". Fedha haikurudi.

Kituo siwezi kuhama tena. Ninayekwenda kurisiti mwaka ujao namwomba hivi: kabla hujalipa, nenda kwa miguu yako, omba kabati lifunguliwe, fungulia maji kwenye bureti uone kama inashika.

Suluhisho lilichukua wiki mbili. Tuko wanne tuliokwama. Tulikwenda kwa mwalimu wa Kemia wa shule nyingine, tukampa shikamoo zetu, tukaeleza. Aliomba ruhusa kwa mkuu wake, na amekubali kutufungulia Jumamosi nane, 10,000 kila mtu kwa siku, kemikali zikiwemo. Twisheni ya Fizikia kwa yule mwalimu wa Kihonda nayo imeanza mwezi huu, 30,000 kwa mwezi.

26 Februari 2023: Rangi ya waridi iliyonidanganya

Tatizo langu la vitendo sikuwa nalijua hadi Jumamosi ya tatu. Tulipewa titresheni (kudondoshea kimiminika kimoja ndani ya kingine hadi rangi ibadilike) ya asidi oksaliki kwa potasiamu pamanganeti. Nilivuta sm³ 25 za oksaliki kwa pipeti, nikatia asidi salfuriki, nikafungulia bureti. Matone machache tu, rangi ya waridi ikabaki. Nikafunga koki, nikaandika 1.20 kwenye jedwali, nikaanza kuosha chupa kwa raundi ya pili.

Mwalimu alikuja akaigusa ile chupa kwa kiganja. "Hii imepoa," akasema. "Umeipasha?"

Sikuwa nimeipasha. Mmenyuko huu ukiwa baridi unakwenda polepole mno, kwa hiyo rangi inakaa ukadhani umefika. Inapashwa hadi kati ya nyuzi 60 na 70. Hata hapo, matone ya mwanzo yanachelewa kupoteza rangi, kwa sababu manganizi inayozaliwa ndani ndiyo inayouharakisha mmenyuko wenyewe. Unatia kidogo, unatikisa, unasubiri; baada ya hapo rangi inaanza kuyeyuka mara tu tone linapogusa.

Raundi iliyofuata nilipasha, lakini nilibania asidi. Chupa ikageuka kahawia yenye uchafu kama maji ya mfereji baada ya mvua. Hiyo ni manganizi dioksaidi, na ikitokea humwagi kwa siri ukaendelea. Unaanza upya, asidi ya kutosha.

Raundi ya nne, ya tano na ya sita zilinipa 20.10, 20.00, 20.10. Nilimwonyesha mwenzangu jedwali kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake.

Jambo lingine la siku hiyo: pamanganeti ni nyeusi kiasi kwamba mbonyeo wa chini wa kimiminika hauonekani. Unasoma ukingo wa juu, mwanzo na mwisho, jicho likiwa usawa wake. Mei mwaka jana nilisoma juu mara moja na chini mara moja. Sasa najua angalau sehemu ya D yangu ya Kemia ilipotelea wapi.

19 Machi 2023: Jiwe, uzi na simu

Vitendo vya Fizikia vingi vinataka vifaa, lakini pendulamu unaifanya nyumbani. Nilifunga jiwe dogo kwa uzi, nikalining'iniza kwenye kenchi ya veranda, nikapima muda wa mizunguko 20 kwa simu, kwa urefu sita tofauti. Halafu grafu ya muda wa mzunguko mmoja, kipeo cha pili, dhidi ya urefu. Mteremko unakupa g, mchapuko wa mvutano wa dunia.

Nilipata 10.8, kubwa mno. Nikarudia siku ya pili: 10.8. Kosa linalorudi vilevile si la mkono kutetemeka, ni la utaratibu, kwa hiyo nilimwita mdogo wangu wa darasa la sita anitazame ninavyofanya. Akaona mara moja: "Mbona unasema moja wakati jiwe ndiyo linaanza?"

Ndivyo ilivyokuwa. Nikianza na moja, nikifika 20 jiwe limezunguka mara 19 tu. Muda unapungua kwa sehemu moja ya ishirini, g inapanda karibu asilimia 11. Unaanza na sifuri. Nilipobadilisha nilipata 9.7.

Grafu bado haikupita kwenye asili. Hilo lilikuwa la urefu: nilikuwa napima hadi kwenye fundo la uzi badala ya katikati ya jiwe. Kosa hili haligusi mteremko, linausogeza mstari tu, na kwenye pepa swali la "toa sababu mstari kutopita kwenye asili" lina alama zake.

Gharama ya jaribio zima: uzi, 500.

16 Aprili 2023: Mapepa ya mwisho

Twisheni imefikia mwezi wa nne, jumla 120,000. Nauli tangu Januari 46,000. Fizikia nikijipima: 38 Novemba, 45 Januari, 52 Machi, 57 wiki hii. Sehemu kubwa ya hizo zilizoongezeka ni kizio, hatua na muda. Mada nilizosoma upya kabisa ni mbili tu, elektroniki na fizikia ya mazingira, kwa kuwa huulizwa na shuleni zilipitiwa mbiombio.

Kwenye Baiolojia nilikuwa na kosa moja kubwa: kwenye maswali ya insha nilikuwa naorodhesha hoja kama za kwenye notisi, bila kuzieleza. Sasa kila hoja ina sentensi ya kwa nini na ya mfano. Michoro ni kwa penseli iliyochongwa, mistari safi, bila kutia kivuli.

27 Mei 2023: Baada ya mtihani

Umeisha. Maswali sitayajadili. Vifaa vilikuja kweli, kwa sababu kwenye mtihani vituo hupewa maelekezo ya maandalizi mapema. Bureti niliyopangiwa ilikuwa inadondosha. Niliijaza maji kabla ya kuanza, nikahesabu tone moja kila sekunde chache, nikanyoosha mkono nikabadilishiwa. Mwaka jana ningeogopa kunyoosha.

16 Julai 2023: Matokeo

Kemia C, Baiolojia C, Fizikia D. Pointi 8, divisheni ya pili.

Lengo la 9 sikulifikia. Fizikia imegoma kuvuka D. Mama alinitaka nimsomee mara mbili, kisha akaniuliza kama sasa ninaruhusiwa kuomba. Nikamwambia ndiyo. Akafunga genge saa nane mchana, jambo ambalo sijaliona tangu msiba wa babu.

Septemba 2023: Dirisha la kwanza na la pili

Dirisha la kwanza la maombi ya vyuo nilikosea. Niliomba vyuo vitatu, vyote vya umma, vyote udaktari tu, 10,000 kila kimoja. Nilitaka ada nafuu, nikasahau kwamba wote wenye pointi 12 na 13 nao wanaitaka. Sikuchaguliwa popote.

Dirisha la pili nilifanya kama nilivyofanya na lile pepa la Desemba: nilikaa na mwongozo nikatazama idadi ya nafasi za kila chuo, nikaomba vyuo viwili binafsi vyenye kozi ya udaktari, na kwenye kila kimoja nikaweka uuguzi chaguo la pili. Nyingine 20,000. Chuo kimoja kimenichukua, udaktari, miaka 5 na mwaka wa mafunzo kazini baadaye. Nimethibitisha.

Ada inazidi milioni tano kwa mwaka. Ombi la mkopo nilishalituma bodi wakati dirisha lao likiwa wazi, kabla hata sijajua chuo. Ukisubiri barua ya chuo ndipo uombe mkopo, unaweza kukuta muda umekwisha.

Oktoba 2023: Hesabu, na daftari

Mkopo nimepangiwa, haufuniki ada yote. Baba mdogo na kaka wa Kilosa wamekubali kuongezea muhula wa kwanza. Kaka naye Hisabati amepata D; ataomba mwakani.

Kurisiti kwote kumetumia 472,500: usajili 90,000, notisi zisizonisaidia 27,000, mapepa na taarifa 34,000, vitendo hewa 25,000, maabara ya Jumamosi 80,000, twisheni 120,000, nauli 46,000, maombi ya vyuo 50,000, uzi 500. Ukiondoa notisi na vile vitendo hewa, inabaki 420,500.

Daftari la makosa nimemwachia mwalimu wa Kihonda, anayelitaka akatoe kopi. Fizikia ni ukurasa wa 1 hadi 46, Kemia inaanzia 47, Baiolojia iko nyuma. Ukurasa wa 12 uruke: lile swali la amplifaya inayogeuza ishara nilisahau kuweka alama ya kutoa kwenye jibu, na sikupata nafasi ya kulisahihisha.